Mkato mmoja unavyoweza kupotosha bei ya hisa

MFANYABIASHARA anayefuatilia bei za hisa au za mazao kwa kompyuta hawezi kukwepa mafaili ya CSV. Haya ni maandishi ya kawaida tu: kila mstari ni taarifa ya siku moja au ya mauzo mamoja, na safu zake zimetengwa kwa alama ya mkato. Karibu kila programu ya hesabu huyafungua, na ndiyo maana yamedumu.

Hatari iko kwenye mkato wenyewe. Tuchukue mstari wa mfano:

14/03/2024,Kampuni A,"1,250",300

Hapo kuna safu nne: tarehe, kampuni, bei kwa shilingi na idadi ya hisa zilizouzwa. Alama za kunukuu zinaonyesha kwamba mkato ulio ndani ya 1,250 ni sehemu ya bei. Anayeiamuru kompyuta ikate kila ionapo mkato atapata safu tano. Kwenye bei itabaki 1, na 250 itahesabiwa kuwa ndizo hisa zilizouzwa.

Lugha ya Python ina dawa yake. Tangu toleo la 2.3 la mwaka 2003, inakuja na moduli ya csv. Amri ya csv.reader husoma mstari kwa kuheshimu alama za kunukuu, na csv.writer huziweka yenyewe panapohitajika. Faili lifunguliwe kwa newline="", la sivyo kwenye Windows utakuta mstari mtupu baada ya kila mstari ulioandika.

Hata hivyo, mwekezaji asilale. Moduli hiyo huleta kila kitu kama maandishi, bei ikiwamo, na maandishi hulinganishwa alama moja baada ya nyingine. Hivyo 900 huonekana kubwa kuliko 1250, kwa kuwa 9 ya mwanzo inaizidi 1. Anayetafuta bei ya juu ya mwezi atapewa 900, bila onyo lolote, na pengine akauza kwa hasara. Kwanza ondoa mkato wa maelfu, kisha geuza kuwa namba kwa Decimal, ambayo kwa fedha ni salama kuliko float.

Mafaili kutoka Ujerumani, ambako mkato ndio hutenga senti, mara nyingi hutenga safu kwa nukta mkato; hapo andika delimiter=";".

Namba za simu za wateja ziache ziwe maandishi. Excel ikilifungua faili hufuta sifuri ya mwanzo, na ukihifadhi imekwenda.