JE, WAJUA? Waifai imejaa, intaneti haipo

Kwamba waifai na intaneti ni vitu viwili? Simu yako sebuleni Kiptere, Kenya, ikionyesha waifai imejaa, inakwambia tu kuwa inasikilizana vyema na ruta iliyo mezani. Safari yenyewe ya kufika intaneti bado: kutoka ruta hadi mnara wa simu, kisha kwa nyaya za kioo hadi Mombasa, ambako mikongo ya baharini ya TEAMS na SEACOM ilifika mwaka 2009. Kabla ya hapo Kenya ilitegemea setilaiti, na bei yake ilikuwa kilio.

Nyumbani, adui mkuu ni mabati. Chuma hurudisha mawimbi ya redio, hivyo nyumba ya mabati kuta na paa yaweza kukosa mtandao wa mnara unaouona kwa macho. Ruta inayotumia laini ya simu iwekwe dirishani, upande wa mnara, si nyuma ya televisheni (najua, haipendezi kutazama). Kama ina masafa mawili, gigahezi 2.4 hupenya kuta vizuri zaidi, pengine ikafika hadi jiko la nje; gigahezi 5 ina kasi, lakini haifiki mbali.