Muanda: pwani yetu fupi na mama kasa

Tukiuliza watoto wetu bahari iko wapi, wengi wanataja Mombasa ao Dar es Salaam. Kumbe Kongo pia ina bahari! Ni pwani ya karibu kilomita 40 huko Muanda, jimbo la Kongo Central, pale mto Kongo unapoingia Atlantiki. Ukitoka Kinshasa, barabara inapita Matadi na Boma.

Hapo kuna Hifadhi ya Mikoko, iliyoundwa mwaka 1992 na kusimamiwa na ICCN. Mikoko ni miti inayoota kwenye matope ya maji ya chumvi. Samaki wadogo wanajificha na kukomaa kati ya mizizi yake. Humo anaishi nguva, mnyama mpole anayekula majani. Anazaa mtoto mmoja na kumnyonyesha, matiti yakiwa karibu na kwapa. Ukitaka kumwona, nyamaza ndani ya mtumbwi na ungojee pua itokeze kuvuta hewa.

Kuanzia mwezi wa kumi hivi, kasa, yaani kobe wa baharini, anapanda mchangani usiku. Anachimba shimo, anataga mayai karibu 100, anayafunika na kurudi majini. Watoto wanatoka kisha miezi miwili hivi, wanafuata mwangaza wa bahari. Ndiyo maana mgeni anazima tochi na simu, anasimama mbali nyuma ya mama, na hamgusi.

Lakini kuna watu wanaochimba mayai hayo na kuyauza, ingawa sheria inakataza. Mikoko nayo inakatwa kwa kuni na makala. Tusiwahukumu haraka wenzetu wa kule. Jiko la mama halingoji. Mgeni anayelipa mwenye mtumbwi, anayekula kwa mama wa pale na kukataa mayai ya kasa, anawapa sababu ya kumwacha kasa akiwa hai.

Na sisi wa mbali? Maji ya ziwa Kivu yanashuka Ruzizi, yanaingia Tanganyika, yanapita Lukuga hadi Lualaba, na Lualaba ndiyo mto Kongo. Kasa akiona sashe inaelea, anaweza kuimeza akidhani ni chakula. Juma hili, tuwaonyeshe watoto njia hiyo kwenye karta, kisha tuokote sashe za mtaroni pamoja nao.