Darubini ya Bei Nafuu kwa Bunduki ya Kindi

Wiki chache kabla ya msimu wa kindi kufunguliwa hapa Kentucky, mzee mmoja mwenyeji wa Fizi, Kongo, aliniletea karakanani bunduki yake ya .22. Juu yake ilikuwa imefungwa darubini ndefu kama chupa ya chai. Aliinunua kwa dola 60, na kwenye boksi iliandikwa kwamba inakuza kuanzia mara 6 hadi mara 24. "Mwanangu," aliniambia, "kindi ninamwona vizuri kwa macho yangu haya ya uzee. Nikiinua bunduki, anapotea. Naona majani matupu." Alikuwa ameshaanza kuamini kwamba macho yake ndiyo yamekwisha.

Macho yake hayakuwa na neno. Mzee aliuziwa kifaa cha kazi nyingine, na muuzaji hakumuuliza hata swali moja: unawinda nini, wapi, na kwa umbali gani? Ndugu zetu wengi kutoka Kongo wanaishi Louisville na Lexington, na kila mwaka wachache wao hukata leseni ya kuwinda. Waliokulia vijijini wanakumbuka ndezi na kindi wa nyumbani, waliowindwa kwa mitego, mbwa na upinde. Darubini ya bunduki ni jambo geni kwao, na mgeni ndiye anayeuziwa namba kubwa.

Basi tuanze na maswali yale ambayo mzee hakuulizwa. Msimu wa vuli wa kindi hapa Kentucky huanza Jumamosi ya tatu ya Agosti, na ruhusa ni kindi 6 kwa mtu kwa siku. Agosti miti ya mwaloni na hikori bado imebeba majani yote. Kindi yuko juu anatafuna karanga za hikori, maganda yanadondoka, wewe uko chini gizani. Unaona mkia, kisha sikio, kisha kichwa kizima kwa sekunde tatu au nne katika uwazi usiozidi sahani ya wali. Wengi niliowapata walikuwa kati ya yadi 15 na 40, yaani kama mita 14 hadi 37. Mnyama mdogo hivi hapigwi popote pale tu. Anapigwa kichwani, afe papo hapo na nyama isiharibike, na shabaha hiyo haizidi sentimita 3 au 4.

Risasi yenyewe nayo ina mipaka yake. Risasi ya .22 LR imekuwa ikitengenezwa tangu 1887. Ile ya kawaida ina uzito wa gramu 2.6 na hutoka mtutuni kwa kasi ya mita 330 hadi 380 kwa sekunde. Ukiisawazisha bunduki yako ipige katikati kwa yadi 50, kwa yadi 25 itapiga karibu palepale. Kwa yadi 75 itakuwa imeshuka sentimita 5 hivi, na kwa yadi 100 imeshuka kama 17. Kwa hiyo kumlenga kindi kupita yadi 60 kwa bunduki hii ni kumjeruhi tu, aende kufia kwenye tundu lake. Darubini ya kukuza mara 24 haiwezi kuiongezea risasi hiyo nguvu wala unyoofu.

Sasa soma namba zilizo kwenye boksi. Ukiona 4x32, namba ya kwanza ni ukuzaji na ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Ukiona 2-7x32, ukuzaji unabadilika kutoka mara 2 hadi mara 7 kwa kuzungusha pete iliyo karibu na jicho. Darubini ya mara 4 kwa yadi 25 hukuonyesha duara la mita mbili na zaidi. Ile ya mzee, hata ikishushwa hadi mara 6, ilionyesha mita moja na robo hivi, na ikipandishwa hadi 24 haifiki nusu mita. Tafuta kichwa cha kindi katika mti mzima kupitia nusu mita ya majani, mkono ukitetemeka kidogo, na tetemeko lenyewe likikuzwa mara 24. Ndiyo maana alipotea.

Kuna pia suala la mwanga. Gawanya upana wa lenzi ya mbele kwa ukuzaji, utapata upana wa mshipi wa mwanga unaoingia jichoni. 32 kwa 4 ni milimita 8. Lenzi ya 50 kwa ukuzaji wa 24 ni milimita 2 tu. Mboni ya kijana gizani hupanuka kufikia milimita 7 hivi, ya mtu mzima hupungua kadiri umri unavyosonga. Mshipi wa milimita 2 alfajiri chini ya majani ni kama kuchungulia kwenye tundu la ufunguo. Mshipi wa 8 unazidi hata mahitaji ya jicho, na ziada hiyo ina faida yake: kichwa kikikaa upande kidogo, bado unaona picha nzima bila kivuli cheusi pembeni. Kwa mwindaji wa kindi, ambaye mara nyingi analenga juu huku ameegemea mti, faida hiyo ni kubwa.

Uso wa kioo kitupu hurudisha nyuma karibu asilimia 4 ya mwanga unaokigonga. Darubini yenye lenzi 6 zisizopakwa kitu ina nyuso 12, na hesabu inaonyesha karibu asilimia 40 ya mwanga inapotea kabla ya kukufikia. Mwaka 1935 Alexander Smakula wa kampuni ya Zeiss ya Ujerumani alibuni njia ya kuzipaka lenzi utando mwembamba unaopunguza upotevu huo, na leo hata darubini ya dola 80 inaweza kuwa nao. Soma maneno vizuri. Kusema "zimepakwa" kunaweza kumaanisha uso mmoja tu. Unachotaka ni ile inayotamka kwamba kila uso wa kila lenzi umepakwa tabaka kadhaa. Kisha usiamini maandishi peke yake: omba uelekeze darubini, ikiwa haijafungwa kwenye bunduki, kwenye kona yenye giza zaidi dukani, ujaribu kusoma maandishi madogo yaliyoko huko. Usijaribie dirishani kwenye jua. Mchana wa jua kila darubini ni nzuri.

Jambo linalowaponza wengi ni paralaksi, na nitakaa hapo kidogo. Nyoosha mkono, simamisha kidole gumba mbele ya uso wako. Funga jicho la kulia, fungua, funga la kushoto. Kidole kinaruka kutoka upande mmoja wa ukuta hadi mwingine, ingawa hujakisogeza. Ndani ya darubini msalaba wa kulengea ni kidole, na picha ya mnyama ni ukuta. Vikiwa kwenye uso mmoja, jicho lisogee litakavyo, msalaba unabaki pale pale. Visipokuwa kwenye uso mmoja, jicho likihama kidogo msalaba nao unahama, na wewe unapiga mahali ambapo bunduki haikuelekea. Darubini za kawaida zimerekebishwa kiwandani kwa umbali mmoja tu. Zile za kuwindia kulungu na wanyama wakubwa mara nyingi huwekwa kwa yadi 100. Zile za bunduki ya .22 huwekwa karibu zaidi: Vortex Crossfire II ya 2-7x32 ya .22 ni yadi 50, na Leupold za .22 ni yadi 60.

Chukua darubini ya 3-9x40 ya yadi 100, ile inayopatikana kila duka, ukamlenge nayo kindi aliye yadi 25. Jicho likiwa limeegemea ukingoni kabisa, kosa linaweza kufikia milimita 15. Kumbuka shabaha yako nzima ni milimita 30 au 40, na bado hujahesabu kosa la mkono na la risasi yenyewe. Darubini ya 32 iliyorekebishwa kwa yadi 50, katika hali ileile, kosa lake kubwa kabisa ni milimita 8. Tofauti hiyo haiandikwi kwa herufi kubwa kwenye boksi, wala haiongezi bei. Unaweza kuipima mwenyewe. Hakikisha bunduki haina risasi, ilaze juu ya mifuko ya mchanga ielekee alama iliyo yadi 25, kisha bila kuigusa sogeza kichwa juu na chini. Ukiona msalaba unatembea juu ya alama, hiyo ndiyo paralaksi.

Mtu asikuambie kwamba kitu cha bei ya chini lazima kiwe kibovu. William Weaver, mzaliwa wa jimbo hili hili la Kentucky, mwaka 1930 alitoa darubini aliyoiita Model 330. Ilikuza chini kidogo ya mara 3 na iliuzwa kwa dola 19 pamoja na vishikizo vyake, wakati darubini nzuri zilikuwa za Ulaya na za wenye fedha. Ilimfikisha mkulima wa kawaida mahali ambapo hakuwahi kufika, na kiwanda chake kikaja kukua huko El Paso, Texas. Ukuzaji wa chini ya mara 3, na watu walirudi nyumbani na kitoweo.

Kwa bei ninazoziona madukani, dola 60 hadi 150 zinatosha. Katika kiwango cha chini, nunua inayokuza mara 4 tu, isiyobadilika. Ina vipande vichache vya kusogea, kwa hiyo kwa bei ileile kiwanda kinaweza kutumia fedha kwenye kioo. Ukifika dola 120 au zaidi, 2-7x32 inakupa nafasi ya kushuka hadi mara 2 msituni na kupanda hadi 7 unaposawazisha. Kimbia vile vidarubini vyembamba vya 4x15 vinavyofungwa kwenye bunduki za bei rahisi. Gawanya 15 kwa 4, ujionee. Hakikisha pia ndani imejazwa naitrojeni badala ya hewa ya kawaida, maana asubuhi za Agosti hapa zina unyevu na lenzi zisizozibwa huingia ukungu ndani, mahali ambapo kitambaa hakifiki.

Bakiza dola 20 au 30 za pete za kushikia. Bunduki nyingi za .22, kama Marlin Model 60, zina mfereji wa kufungia uliochongwa juu, wakati Ruger 10/22 huwekewa reli kwa skrubu. Pete za moja huenda zisiingie vizuri kwenye nyingine. Kaza skrubu kidogo kidogo kwa kupokezana, na acha sentimita 8 hadi 10 kati ya jicho na lenzi ya nyuma.

Kusawazisha anza kwa yadi 25. Kwenye darubini nyingi kila mlio wa kifundo cha kurekebishia huhamisha pigo robo ya inchi kwa yadi 100, kwa hiyo kwa yadi 25 inahitajika milio 16 kuhama inchi moja. Kisha nenda yadi 50 umalizie. Ukitaka kujua kama kifaa chako ni mkweli, piga risasi tatu, zungusha milio 20 juu, 20 kulia, 20 chini, 20 kushoto, halafu piga tatu nyingine. Zisiporudi mahali pa kwanza, irudishe dukani ungali na risiti.

Na tafadhali, darubini ya bunduki isitumike kuangalia nani anatembea kule mbele. Ukiielekeza, umeuelekeza na mtutu. Risasi ya .22 hufika zaidi ya kilomita moja na nusu, kwa hiyo kindi aliye kwenye kitawi chembamba, nyuma yake anga tupu, hapigwi; ngoja ashuke kwenye shina. Aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1975 au baadaye anatakiwa na sheria ya Kentucky awe na cheti cha mafunzo ya uwindaji. Na mwenye viza ya muda amwone mwanasheria kabla hajagusa bunduki, kwa sababu sheria ya shirikisho ina masharti yake kwa watu wa hali hiyo.

Yule mzee alibadilisha ile chupa ya chai kwa 4x32 ya yadi 50. Alilipa dola 70, na tuliisawazisha pamoja kwa risasi 31. Nawe kama yako bado iko kwenye boksi, ifunge wiki hii, na utenge boksi moja la risasi 50 kwa ajili ya karatasi kabla hujamlenga kindi hata mmoja.