Madarasa kwanza, uwanja baadaye

Michoro ya shule za sekondari za serikali zinazokusudiwa kujengwa pembezoni mwa Kigali, iwe Ndera, Masaka au Mageragere, hufanana sana. Kuna madarasa ya ghorofa, maabara za fizikia, kemia na baiolojia, chumba cha kompyuta, maktaba, jiko, vyoo, na upande wa chini wa kiwanja mstatili wa kijani ulioandikwa uwanja wa michezo. Ukienda kwenye shule ya namna hiyo miaka miwili au mitatu baadaye, madarasa utayakuta yamejaa wanafunzi. Mstatili wa kijani mara nyingi bado ni mteremko wenye nyasi.

Sababu zake nyingi huanzia mezani, kabla koleo halijagusa udongo. Rwanda ilianzisha elimu ya msingi ya miaka 9 mwaka 2009, ikaifikisha miaka 12 mwaka 2012. Mji nao ukazidi kupanda vilima vya pembeni: sensa ya 2012 ilikuta Kigali ina watu milioni 1.1 hivi, na ile ya 2022 ikakuta zaidi ya milioni 1.7. Mpangaji akiwa na takwimu hizo mbele yake hujiuliza kwanza watoto wangapi watakaa wapi. Idadi ya madarasa ndiyo inayoingia kwa urahisi kwenye imihigo, ile mikataba ya utendaji ambayo viongozi wa wilaya wamekuwa wakiiwekea saini tangu 2006, na mkaguzi akifika ndiyo anayoweza kuihesabu akiwa amesimama getini. Uwanja huandikwa mstari mmoja karibu na mwisho wa makisio, bila tarehe yake peke yake.

Halafu kuna kalenda. Mwaka wa fedha huanza Julai, mwaka wa masomo Septemba. Hadi zabuni itangazwe, ishindaniwe na mkataba usainiwe, mkandarasi huingia eneo la kazi mvua za vuli zikiwa zimeshafika, na misingi huchimbwa kwenye matope. Hata hivyo madarasa hukamilika karibu na wakati wake. Mafundi wameyazoea, vipimo vyake vinajulikana, na wananchi wana historia nayo: katika miaka ya mwanzo ya mpango wa elimu ya miaka 9 wazazi walibeba mawe na matofali kwenye umuganda, kazi ya pamoja ya jamii, wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, serikali ikaleta saruji na mabati. Kazi hiyo yastahili heshima yake kamili.

Uwanja ni habari nyingine. Uwanja wa kawaida wa mpira wa miguu una urefu wa mita 105 na upana wa mita 68. Uweke kwenye kilima kinachoshuka mita 15 kwa kila mita 100, jambo la kawaida kabisa Kigali, na ukingo wa juu utapishana na wa chini kwa mita 10 hivi. Maana yake ni kukata mlima upande mmoja kama mita 5, kujaza kifusi na kukishindilia upande wa pili kwa kina hichohicho, kujenga kuta za kuzuia udongo, na kuchimba mitaro ili masika yasiushushe udongo wote kwenye mashamba ya jirani. Kazi hiyo yaweza kugharimu kuliko jengo zima la madarasa, na makisio ya mwanzo mara nyingi hayakupima udongo. Fidia ya kipande cha ardhi kinachoongezeka nayo hupanda kila mji unapokaribia.

Maabara hukwama kwa namna tofauti. Kuta zipo, rangi imepakwa, meza za zege zimewekewa vigae. Lakini ukilifungua bomba la shingo ndefu juu ya sinki, halitoi kitu. Chini ya meza mrija wa majitaka umeishia hewani, na kabatini hadubini bado imo ndani ya boksi lake. Jengo lilikuwa kwenye mkataba mmoja, maji kwenye mwingine, vifaa kwenye wa tatu. Kila mmoja ametimiza sehemu yake kwa karatasi, na mwanafunzi wa kidato cha nne anaendelea kuchora jaribio ubaoni. Mtaala unaojenga umahiri, unaotumika tangu 2016, unamtaka alifanye kwa mikono yake.

Gharama nazo hazisimami. Rwanda haina bahari. Nondo, vigae na nyaya vinavyotoka ng'ambo hushuka Dar es Salaam au Mombasa, kisha husafiri zaidi ya kilomita 1,400 kwa lori. Mpaka wa Gatuna, kati ya Rwanda na Uganda, ulipofungwa kwa sehemu kubwa kati ya Februari 2019 na Januari 2022, na korona ikaja katikati yake, bei zilizoandikwa mwanzoni hazikuweza kushikilia. Hata pasipo misukosuko ya aina hiyo, faranga ikishuka mbele ya dola mkandarasi huomba nyongeza. Bajeti isipoongezeka lazima kitu kipunguzwe, na kinachopunguzwa ni kile ambacho hakijaanza.

Ninaona tunaupima ukamilifu mahali pasipofaa: kwenye majengo, si kwenye siku ya mwanafunzi. Tangu Januari 2023 masomo huanza saa mbili na nusu asubuhi na kwisha saa kumi na moja jioni. Kigali jua huzama karibu saa kumi na mbili, mwaka mzima. Mwanafunzi ana saa moja tu ya mwanga. Shule ikiambiwa itumie uwanja wa kata ulio kilomita 3 kutoka pale, saa hiyo inaishia njiani, na wasichana wanaotakiwa kufika nyumbani kabla ya giza ndio wa kwanza kuacha mazoezi.

Kwa viwanja vyenye mteremko mkali ningeanza na kidogo. Sakafu ya zege ya mita 40 kwa 20 inatosha mpira wa mikono, na ndani yake huchorwa mistari ya kikapu na ya wavu. Kwenye kilima kilekile tofauti ya kingo zake ni mita 3, ambayo ukuta wa mawe unaimudu. Sakafu hiyo iingie kwenye mkataba wa madarasa yenyewe, kwa tarehe ileile, pamoja na njia ya kumfikisha hapo mwenye kiti cha magurudumu. Maji ya maabara vivyo hivyo: mkandarasi asikabidhi jengo bomba likiwa kavu, na kipindi cha matazamio ya kasoro, ambacho kwa kawaida ni mwaka mmoja, kianze kuhesabiwa siku darasa la kwanza linapofanya jaribio mle. Uwanja mkubwa unaweza kusubiri awamu ya pili, mradi awamu hiyo iwe na fungu lake la fedha na mwaka wake ulioandikwa, na wazazi waambiwe mwaka huo tangu mkutano wa kwanza.