Vumbi la Duara: Maji au Barakoa?

Mchimbaji wa Nyarugusu, mkoani Geita, anaposhauriwa kununua kinga ya mashine ya kuchoronga mwamba huuliza maswali mawili: bei yake ni kiasi gani, na je, inakinga kweli? Ni maswali ya haki, na mhudumu wa afya hana budi kuyajibu.

Mwamba wa dhahabu una silika. Ukichorongwa mkavu hutoa vumbi laini lisiloonekana, ambalo hufika ndani kabisa ya mapafu na kuacha makovu. Ugonjwa huo, silikosisi, hauponi, nao huzidisha hatari ya kifua kikuu. Vipimo vya machimbo madogo ya Tanzania vilivyochapishwa mwaka 2015 vilionyesha kuwa wachorongaji wa chini ya ardhi walivuta wastani wa miligramu 16.85 za silika katika kila mita ya ujazo ya hewa. Kikomo kinachopendekezwa na taasisi ya afya kazini ya Marekani ni 0.05.

Kitambaa ni rahisi kupatikana, lakini hakizuii vumbi hilo. Barakoa ya N95 iliyokaa sawasawa usoni hupunguza vumbi mara kumi. Bado hubaki takriban miligramu 1.7. Ndevu na jasho huidhoofisha, nayo hununuliwa tena na tena.

Mashine ya upepo inayopitisha maji kwenye tundu hulizuia vumbi kabla halijaruka. Pampu na mpira hugharimu zaidi mwanzoni, lakini humkinga kila aliyemo duarani, hata asiyevaa kitu. Maji yakikatika au tundu likiziba, vumbi huonekana na kazi husimamishwa. Barakoa inayovuja haitoi dalili. Tahadhari: mashine ya umeme isiyotengenezwa kwa maji isimwagiwe maji, kwani yaweza kuua.

Tuseme maji yameondoa sehemu tisa kati ya kumi, kisha N95 ikavaliwa: hubaki kama 0.17, bado juu ya kikomo. Kwa hiyo maji yatangulie, barakoa ifuate, hewa ipitishwe duarani, na zamu ya kuchoronga ifupishwe.

Mhudumu, muulize kila mwenye kikohozi kazi aliyowahi kuifanya. Nawe mchimbaji, ukikohoa wiki mbili au zaidi, nenda kapimwe makohozi. Dawa za kifua kikuu hutolewa bila malipo katika vituo vya serikali. Mapafu yenye makovu hayana kipuri.