Mfereji Unaofurika

Nchi ya Tabora ni tambarare, na mvua zake hunyesha tangu Novemba hata Aprili. Wapagazi wa misafara ya Ujiji walizijua sana mbuga zake zikijaa maji. Siku hizi mitaa nayo hujaa, na ukuta wa matofali mabichi ukilowa chini usiku kucha, asubuhi huenda ukaanguka.

Watu wengi huchimba pale pale penye mafuriko. Hapo wamefanya shimo tu; maji yatatuama na kuzaa mbu. Yafaa kuanza chini, maji yanakotokea, kisha kupanda juu. Chukua mpira wa maji wa waashi, upime usawa kwa vigingi: kila meta 100 mfereji ushuke walau nusu meta. Kingo zilazwe, zisisimame wima, maana mchanga wetu humomonyoka upesi. Tena zipandwe majani. Udongo uliochimbwa utupwe mbali. Ukiachwa ukingoni, mvua ya kwanza itaurudisha ndani.

Kisha tazama kalvati. Mvua ya milimita 30 katika hekta moja ni madebe 15,000 ya lita 20! Mengine hunywewa na ardhi, lakini yaliyobaki hayawezi kupita katika bomba lililozibwa nusu kwa takataka. Hupanda barabarani na kuingia nyumbani kwa jirani. Kila mwenye nyumba huweka kalvati ya upana aupendao, na ile nyembamba kuliko zote ndiyo iuamuliayo mtaa mzima. Kazi hii ifanywe Septemba, udongo ungali mkavu.