Nasaba Inapohama Programu

Anayetaka kuhamisha nasaba ya ukoo wake kutoka programu moja ya kompyuta kwenda nyingine hupita karibu kila mara katika mlango mmoja: GEDCOM, muundo wa faili ulioanzishwa mwaka 1984 na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, lenye makao yake Salt Lake City, Marekani.

Ndani ya faili hiyo mna maandishi matupu. Kila mstari huanza na namba ya ngazi, kisha alama fupi: 0 hufungua kumbukumbu ya mtu au ya familia, 1 BIRT hutaja kuzaliwa, na chini yake 2 DATE huweka tarehe. Unyofu huu ndio uhai wake. PAF, programu ya kanisa hilohilo, iliachwa mwaka 2013, lakini koo zilizotolewa humo kwa GEDCOM bado zinafunguka.

Hata hivyo si kila kitu hufika salama. Programu yoyote yaweza kujitungia alama zake. Inayopokea isipozitambua, huzitupa au huzirundika kwenye maelezo. Picha ndizo huniuma zaidi. Toleo la 5.5.1, la mwaka 1999 na ambalo bado limeenea, hubeba anwani ya picha tu, kwa hiyo sura ya bibi hubaki kwenye kompyuta ya zamani. Toleo la 7.0, la mwaka 2021, limeleta kifurushi kinachosafirisha picha pamoja na data.

Kwa koo za pwani yetu kuna jambo jingine. Muundo huu unazijua kalenda za Kigregori, Kijuliasi, Kiyahudi na ya Mapinduzi ya Ufaransa, lakini Hijria, kalenda ya Kiislamu, haimo. Mzee aliyezaliwa Rajab 1339 ataandikiwa Machi au Aprili 1921, na Rajab yake ipotee. Si lazima ipotee: 5.5.1 inaruhusu tarehe iliyokokotolewa kufuatwa na maneno ya asili ndani ya mabano, na 7.0 ina alama ya PHRASE kwa kazi hiyohiyo. Andika tarehe zote mbili. Kisha ifungue faili katika programu ya pili kabla ya kuifuta ya kwanza, ulinganishe idadi ya watu na ya familia, na uwatazame wazee wachache mmojammoja, hasa wenye ndoa zaidi ya moja.